Adui Anayechekesha Huku Anatisha: Namna ya Kumwandika, Hatua kwa Hatua

Kibanda umiza kilikuwa kimejaa hadi mlangoni, magoti ya wa nyuma yakisukuma migongo ya wa mbele. Tulikuwa tunaangalia The Dark Knight, filamu ya Batman ya mwaka 2008, na tulikuwa tumefika pale Joker, adui mkuu wa Batman, anapoingia kwenye kikao cha wakubwa wa magenge na kusimika penseli mezani. Sekunde chache baadaye kibanda kizima kiliangua kicheko. Halafu kikanyamaza. Halafu mzee mmoja nyuma yangu akasema polepole, kama anayejisemea mwenyewe: "Huyu siyo mtu huyu."

Naandika skripti za filamu fupi na katuni, na tangu siku ile naufukuzia mfuatano huo: kicheko, kimya, "huyu siyo mtu". Mwongozo huu ni kwa anayeufukuzia pia. Mfano wangu mkuu utakuwa Joker, kwa sababu yupo tangu 1940 na ameigizwa na watu wengi, kwa hiyo ya kuiga na ya kukwepa yote yako wazi. Pembeni yake nitamjenga adui wangu mwenyewe mbele yako, mshereheshaji wa harusi aliyekosa kazi, tumwite MC Shukrani.

Kabla ya hatua ya kwanza, kumbuka msiba wenye watani

Kicheko cha aina hii tulikifahamu kabla ya sinema. Kwenye misiba mingi ya bara, mtani anaweza kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, akazuia jeneza lisipite, au akajilaza kaburini na kusema hatoki mpaka apewe chochote. Waliokuwa wanalia wanacheka, kisha wanaendelea kulia. Hakuna anayemwogopa, kwa kuwa mpaka wake unajulikana: akipewa pesa yake atatoka, jeneza litashuka.

Sasa mfikirie mtu anafanya yaleyale, ila si mtani wa mtu yeyote pale. Hakuna ajuaye nani kamwalika. Anapewa pesa, anaihesabu, anashukuru, na hatoki. Huyo ndiye adui tunayemtafuta. Amechukua ruhusa ya mtani akauacha undugu wake.

Hatua ya 1: Mpe ahadi, kisha aitimize neno kwa neno

Wengi tunaanza kwa kumtafutia adui maneno ya kuchekesha. Acha hayo kwanza. Mtafutie ahadi.

Joker alizaliwa na ahadi mdomoni. Katika toleo la kwanza kabisa la katuni ya Batman, mwaka 1940, sauti yake inasikika redioni ikitangaza kwamba tajiri mmoja, Henry Claridge, atakufa saa sita usiku. Polisi wanakuja, wanamzunguka tajiri wao, hakuna anayeingia wala kutoka. Saa inagonga. Claridge anaanguka, meno nje, uso umekauka kwenye tabasamu. Alikuwa keshatiwa sumu tangu usiku uliotangulia. Wakati polisi wanafunga milango, kazi ilikuwa imekwisha.

Hofu iko kwenye uhakika: amesema, atafanya. Kicheko kiko kwenye namna alivyofanya, maana hukuitegemea. Vyote viwili vinatoka kwenye sentensi moja, na ndiyo maana havigombani.

Mwaka 2008 mbinu ni ileile. Joker anawaambia wakubwa wa magenge kwamba atawamalizia Batman, na malipo yake ni nusu ya fedha zao zote. Baadaye sana tunaliona lundo la noti, kubwa kama nyumba, mhasibu wao Lau kaketishwa kileleni. Joker analiwasha moto. Mmoja wao anapohamaki anajibiwa kwamba inayoungua ni ile nusu yake tu. Tafuta uongo hapo, hutauona. Mkataba ulisema nusu, na moto haujui kugawa.

Kwa hiyo zoezi lako la kwanza ni sentensi moja: adui wako anaahidi nini, kwa nani, lini? MC Shukrani anamtumia mfanyabiashara mmoja kadi ya mchango. Karatasi nzuri, maua pembeni, namba ya kutumia pesa, jina la mweka hazina. Ni ya mchango wa maziko, na jina la marehemu ni la yule aliyetumiwa. Tarehe: Jumamosi ijayo.

Msomaji mkali ataniuliza: mbona Joker alidanganya anwani? Kweli. Anapotaja sehemu mbili walikofichwa mwendesha mashtaka Harvey Dent na mpenzi wake Rachel, anazigeuza, na Batman anafika kwa asiyemkusudia. Lakini hapo tumeshakaa naye muda mrefu na tumezoea kwamba neno lake ni neno. Ule uongo mmoja unaua kwa sababu ulitunzwa. Ukimfanya mwongo tangu mwanzo, hutakuwa na akiba hiyo siku utakapoihitaji.

Hatua ya 2: Silaha iwe kitu kisicho silaha

Bunduki haichekeshi. Kila mtu anajua kazi yake tangu inapotolewa. Katika filamu ya Batman ya 1989, Jack Nicholson, anayeigiza Joker, ana kile kichezeo cha kuficha kiganjani, kinachomshtua kidogo unayempa mkono. Mtoto yeyote mtundu angekitamani. Anampa mkono mkuu wa genge aliyekuwa anambishia kikaoni, na yule anaungua kwa umeme mpaka anabaki mkaa. Kisha Joker anakaa na kuongea na ile maiti kama wanaojadiliana. Kichezeo hakikubadilika umbo wala kazi. Kimeongezwa nguvu tu.

Fanya hivi: andika vitu 20 vya kazi au maisha ya zamani ya adui wako. Kwa MC Shukrani niliandika kipaza sauti, ratiba, kadi, keki, foleni ya chakula, meza kuu, zawadi za wazazi, na kuendelea. Kisha futa kila kinachoonekana hatari tayari. Kisu cha keki nilikifuta cha kwanza, maana hata mtu aliyesinzia angekifikiria. Nilivyobaki navyo vilikuwa vya kipole kabisa, na hapo ndipo ratiba na orodha ya wageni zikaanza kunitisha mimi mwenyewe.

Hatua ya 3: Ipange ile nusu sekunde

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mtazamaji anatakiwa acheke kabla hajaelewa amecheka nini. Ukimwonyesha ubaya kwanza, hatacheka. Ukichelewa mno kumwonyesha, atakuwa amecheka kichekesho cha kawaida. Nafasi ni nyembamba mno, na unaipanga ukiwa mezani na kalamu, siku za kurekodi zikiwa bado mbali.

Tuipasue sini ya penseli. Joker anaingia akicheka kicheko kikavu cha "ha, ha" kama anayekisoma kwenye karatasi. Mmoja wa wakubwa anauliza sababu ya kutomwagiza kijana wake amng'oe kichwa. Joker hajibu swali. Anajitolea kufanya mazingaombwe. Anasimika penseli, ncha moja mezani, nyingine juu, na kutangaza kwamba ataipoteza. Sasa macho yetu yote yako kwenye penseli. Tunawaza: itapoteaje? Kijana wa kazi anasogea amtoe nje. Kwa kasi ya kupiga kofi, Joker anamshika kichwa na kukigonga mezani. Mwili unaanguka. Meza iko tupu. Anatangaza matokeo kama mchawi wa jukwaani: imepotea.

Hesabu alichofanya mwandishi. Katoa ahadi (hatua ya 1). Kachukua kitu cha shuleni (hatua ya 2). Kayafunga macho yetu kwenye kitu kidogo ili kikubwa kipite pembeni. Na jambo la muhimu kuliko yote, ametuacha tumalizie hesabu wenyewe: penseli haipo mezani, basi iko wapi? Jibu linatufikia tukiwa tayari tumeshacheka. Ule ukimya wa kibandani ulikuwa watu mia wakipata jibu kwa wakati mmoja.

Na damu? Hakuna hata tone. Filamu ile ilitengenezwa iweze kuonyeshwa hata kwa vijana, kwa hiyo kamera haikai kwenye jeraha. Naona kizuizi hicho kiliisaidia. Kidonda kikionyeshwa, watu wanakunja uso na kicheko kinakufa. Wengi wetu tunamwaga rangi nyekundu kwa sababu ni rahisi kununua.

Mfano mwingine wa kupanga ni ule wa hospitali. Joker anatoka nje amevaa gauni la nesi, anabonyeza rimoti, majengo nyuma yake yanalipuka, halafu milipuko inakoma katikati. Anageuka. Anaibonyeza tena na tena kama rimoti ya televisheni iliyoisha betri. Mara kishindo kikuu kinaanza, naye anashtuka na kukimbilia kwenye basi la shule. Imeenea hadithi kwamba mabomu yaligoma kweli na Heath Ledger, mwigizaji wa Joker huyo, akajiongeza palepale. Sivyo. Jengo lilikuwa halisi, kiwanda cha zamani cha peremende huko Chicago, na ulikuwa ulipuaji wa mara moja usiorudiwa. Mapumziko yale yalipangwa. Kinachoonekana kama bahati mbaya kwenye kioo huwa kimefanyiwa kazi kuliko kila kitu.

Sasa zamu ya MC Shukrani. Mfanyabiashara aliipokea ile kadi akacheka, akamwonyesha katibu wake, na kwa utani akatuma elfu hamsini. Imefika Ijumaa usiku. Amejifungia nyumbani, ameajiri walinzi. Simu inaita.

MC SHUKRANI (sauti ya ukarimu): Shikamoo mzee. Pole na maandalizi. Mchango wako tumeupata, kamati inashukuru sana.
MFANYABIASHARA: Wewe ni nani?
MC SHUKRANI: Nakamilisha idadi ya chakula tu, mzee, mpishi ananisumbua. Walinzi wanakula?
MFANYABIASHARA: Nina walinzi sita hapa, mshenzi wewe! Sita, wana bunduki!
MC SHUKRANI (kimya; karatasi inafunuliwa): Sita... Samahani mzee. Kwenye orodha yangu nina watano.

Mfanyabiashara anageuka dirishani. Anaanza kuhesabu.

Kicheko nimekiweka kwenye "walinzi wanakula?", swali ambalo kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi amelisikia. Hofu iko kwenye "watano". Katikati yake kuna karatasi kufunuliwa, na hiyo karatasi ndiyo nusu sekunde yangu. Nilipoandika mara ya kwanza niliongeza mlio wa risasi. Niliufuta. Kuhesabu kunatosha.

Hatua ya 4: Mantiki yake ifunge kama hesabu

Mtu huita adui kama huyu "kichaa" na kudhani amemaliza kazi. Kichaa anayefanya lolote hachekeshi, maana kichekesho kinahitaji kanuni. Wizi wa benki unaofungua The Dark Knight ni kanuni tupu: wezi waliovaa vinyago vya wachekeshaji wa sarakasi, kila mmoja ameagizwa amuue mwenzake akishamaliza kazi yake, ili mgao uongezeke. Tunaielewa kanuni kabla ya wao kuielewa. Mwishoni wamebaki wawili, mmoja amemnyooshea mwenzake bunduki akidhani zamu yake ya kufa imefika. Anajibiwa kwamba hapana, anayetakiwa kuuawa ni dereva wa basi. Anauliza, dereva gani wa basi? Na basi linaingia kwa kurudi nyuma likipasua ukuta, linamzoa.

Swali, jibu. Watoto wa shule wanaotegeana vitendawili wangeelewa mpangilio huo.

Hatua ya 5: Kuwa mchoyo na historia yake

Joker wa 2008 anasimulia makovu ya mdomoni mara mbili. Kwanza ni baba mlevi mwenye kisu. Baadaye ni mke aliyekatwa uso na wadai wa kamari, naye akajikata ili wafanane. Kila simulizi inauma ukiisikia peke yake. Ukisikia ya pili unagundua umechezewa huruma yako, na unacheka kwa aibu. Anapoanza ya tatu, kwa Batman, hapewi nafasi ya kuimaliza.

Kwa anayeanza, hii ndiyo njia salama: usieleze. Lakini sitadai ni sheria. Filamu ya Joker ya 2019, iliyompa Joaquin Phoenix tuzo ya Oscar, inafanya kinyume chake, inaeleza kila kitu, mama, umaskini, ugonjwa wa kucheka bila hiari. Na bado ina sini moja inayokaribia ile ya penseli. Arthur, ndiye Joker wa filamu hiyo, anatembelewa na waliokuwa wenzake kazini, wawili. Mmoja anamuua palepale kwa mkasi. Wa pili, Gary, mtu mfupi sana, anaambiwa aende zake, hana ubaya naye. Gary anapita ukutani akitetemeka, anafika mlangoni, na mnyororo wa mlango uko juu, haufikii. Inabidi amgeukie muuaji, damu bado imemtapakaa usoni, na kumwomba amfungulie. Arthur anamfungulia, anambusu kichwani, anamwambia yeye pekee ndiye aliyekuwa mwema kwake.

Ukicheka pale, unacheka kimo cha mtu, jambo ambalo ndilo walilomfanyia Gary kazini kila siku. Filamu imekukamata. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na safari hii umetumbuka upande wa mtazamaji.

Hatua ya 6: Mwili na kicheko, kwa kipimo

Nitapita haraka hapa, kwa kuwa nusu ya kazi ni ya mwigizaji. Uso wa Joker ulichochewa na Conrad Veidt katika filamu isiyo na sauti ya 1928, The Man Who Laughs, kuhusu mtu aliyechongwa tabasamu asiloweza kulifuta. Huyo hakuwa mwovu hata kidogo. Kinachotisha ni uso unaosema jambo moja wakati wote, hata macho yanaposema lingine. Cesar Romero, aliyekuwa Joker kwenye kipindi cha televisheni cha Batman cha miaka ya 1966 hadi 1968, alikataa kunyoa masharubu na rangi nyeupe ikapakwa juu yake. Ukijua hilo huwezi tena kuangalia kitu kingine. Ledger aliwahi kueleza kwamba alijifungia hotelini kama mwezi mmoja akitafuta sauti na kuandika daftari la mhusika. Alifariki Januari 2008 akiwa na miaka 28, kabla filamu haijatoka, na Oscar yake ikatolewa mwaka uliofuata.

La kwako kama mwandishi: usiandike "(anacheka)" zaidi ya mara mbili katika skripti nzima. Adui akicheka kila mara, mtazamaji anaona kazi ya kucheka imeshafanywa na mwingine.

Hatua ya 7: Stelingi awe mkavu

King Majuto alinoga zaidi alipokutanishwa na mtu asiyecheka. Kwa adui wetu ni hivyohivyo. Batman hana utani hata chembe, na pale chumba cha mahojiano anapompiga Joker kwa nguvu zote, ndipo Joker anapocheka na kumwambia hana cha kumtishia nacho. Ukimpa stelingi wako majibu ya kuchekesha, mnakuwa na wachekeshaji wawili na hakuna mwenye hatari.

Na vibaraka wa adui nao wasicheke kwa uhuru. Nicholson ana Bob, mtiifu kuliko wote. Batman anapoziondoa puto zake za gesi, Joker anamwomba Bob bunduki. Bob anaitoa bila kuuliza. Joker anampiga nayo risasi. Tukio la sekunde chache, na kuanzia hapo kila anayesimama karibu naye anaonekana amesimama vibaya.

Hatua ya 8: Isome mbele ya watu

Adui wangu wa kwanza kabisa alicheka mara 11 katika kurasa 9. Nilimpa jirani yangu, fundi simu, aisome nafasi hiyo tukiwa barazani. Alisoma kwa bidii, akacheka kila palipoandikwa acheke, kisha akashusha karatasi na kuniuliza: "Kaka, huyu jamaa amevuta?" Nilidhani namwandika shetani, kumbe nimeandika mlevi wa kituo cha daladala. Iliniuma wiki nzima, na ndiyo iliyonifundisha hatua zote nilizotaja.

Kwa hiyo kusanya watu wanne au watano, wasiwe waandishi wenzako. Usiwaambie ni ya kuchekesha wala ya kutisha. Wewe usisome, kaa pembeni uwaangalie nyuso. Weka alama kwenye karatasi kila wanapocheka na kila wanapotulia. Wakicheka bila kutulia, rudi hatua ya 1, ahadi yako ni nyepesi. Wakitulia bila kucheka, rudi hatua ya 2, umewaonyesha silaha mapema. Vikija vyote lakini mbalimbali, tatizo liko kwenye ile nusu sekunde, na mara nyingi dawa yake ni kufuta mstari mmoja katikati.

Ile ya MC Shukrani niliisomesha barazani palepale, fundi simu akiwa MC. Kwenye "walinzi wanakula?" wote walicheka, mama muuza vitumbua hadi akashika mwiko vibaya. Fundi akafunua karatasi taratibu, jinsi skripti ilivyotaka, akasema "watano". Mama akaacha vitumbua viungue.